Kivuli Kiwe Nje ya Kioo: Wito kwa Wakazi wa Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Ndugu zangu wa Nyeri na Karatina, wa Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru, naomba tuzungumze kidogo kuhusu jua na madirisha yetu. Najua fika kwamba mtu akisimama Nyeri mwezi wa Julai na kuanza kulilalamikia jua, watu watamtazama mara mbili. Wakati wa gathano, majira yetu ya baridi, ukungu ukishatanda kutoka Nyandarua hadi bonde la Chania, jua tunaliomba kama mvua. Lakini mwaka si gathano tupu. Kumbukeni Januari na Februari, anga ikiwa wazi toka asubuhi. Kumbukeni pia zile alasiri za Septemba kabla ya mvua za vuli.

Siku kama hizo, ingieni katika jumba lolote jipya la vioo katikati ya mji, saa tisa na nusu, upande unaotazama magharibi. Mtakuta mapazia yamevutwa hadi mwisho, taa zote zinawaka, feni ya mezani inazunguka, na karani ameigeuza kompyuta yake upande ili aweze kusoma kilichoandikwa. Nje mwanga umejaa tele, wa bure. Ndani tunanunua token ili tuone. Halafu mwenye jumba anaambiwa dawa ni kiyoyozi, naye anaanza kuulizia bei Nairobi.

Kabla hajatuma pesa hizo, nina ombi. Wekeni kivuli nje ya kioo, kiwe cha kufunguka na kufungwa, kisha mpeni mtu kazi ya kukifungua na kukifunga. Ombi langu ni hilo tu. Mengine nitakayoyasema ni sababu zake na namna ya kulitekeleza.

Kwa nini nje? Miale ya jua hupenya kioo kwa wepesi. Ikishaingia, huangukia pazia, meza na sakafu, vitu hivyo vikapata joto, na joto lao hubaki limefungiwa humo ndani. Mabanda ya maua ya Timau yamejengwa kwa kutegemea jambo hilo hilo. Tofauti ni kwamba waridi hulifurahia joto na karani halifurahii. Pazia la ndani, hata likiwa zito namna gani, hulipokea jua likiwa tayari limeshavuka mlango. Linazuia mwanga, joto linabaki nasi. Kivuli cha nje hulikamata jua likiwa bado barabarani.

Tuweke hesabu kidogo. Alasiri isiyo na mawingu, kila mita ya mraba ya dirisha la magharibi hupokea takriban wati 600 za jua. Dirisha la mita mbili kwa mbili, kioo chake cha kawaida kikishachukua sehemu yake, huingiza chumbani karibu wati 2,000. Hiyo ni zaidi ya nusu ya joto ambalo kiyoyozi cha ofisi ndogo kinaweza kuliondoa. Kwa maneno mengine, mwenye jumba ananunua mashine ya kutoa kile ambacho dirisha lake linaingiza, na analipia stima ya kazi hiyo kila siku.

Tusidanganyane, Nyeri si Mombasa wala Garissa. Viyoyozi kwetu ni vichache. Utavikuta kwenye benki, vyumba vya kompyuta na baadhi ya hoteli. Kwa hiyo akiba yetu kubwa ni mbili: kutovinunua kabisa, na kuzima taa mchana. Hiyo ya pili watu huidharau. Ofisi yenye mirija 20 ya taa ya wati 36, ikiwaka saa nane kwa siku, hula karibu yuniti 6. Kwa mwezi wenye siku 22 za kazi ni yuniti 127 hivi. Hata mkiwa mmebadilisha mirija mkaweka ya LED inayokula nusu yake, bado ni yuniti 63, na zote zimetumika kuwasha taa jua likiwa angani.

Jambo hili linachekesha zaidi ukilitazama kwa kipimo cha mwanga. Meza ya ofisi inahitaji laksi 500 hivi. Nje, chini ya jua la adhuhuri, kuna laksi 100,000, na hata siku ya mawingu ya kawaida kuna 10,000 au zaidi. Mwanga haujawahi kuwa haba hapa. Kinachotusumbua ni ule mwale wa moja kwa moja unaopiga macho, ubao na kioo cha kompyuta. Mwalimu huandika, na watoto waliokaa upande wa dirisha wanaona weupe mtupu. Basi pazia linavutwa, darasa linaingia giza, taa inawashwa. Dirisha lenye luva, yaani vibao vyembamba vilivyoinamishwa, halina haja ya kuchagua kati ya giza na mng'ao: mwale unagonga kibao, unarushwa juu kwenye dari, na dari ikiwa nyeupe mwanga unasambaa hadi katikati ya chumba. Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni kwamba mwanga wa dirisha hufika ndani mara mbili ya urefu kutoka sakafuni hadi juu ya dirisha. Dirisha lenye kilele cha mita 2.1 basi huangaza zaidi ya mita nne. Vyumba vyetu vingi havina kina zaidi ya hapo.

Sisi tuna bahati ambayo miji ya Ulaya haina. Pale Nanyuki, kwenye kibao cha ikweta, watalii huonyeshwa maji yakizunguka katika karai lenye tundu, upande huu yakienda hivi na upande ule yakienda vile. Ni mchezo mtamu, ingawa ukweli ndani yake ni mdogo. Somo halisi la ikweta liko angani, na halina tiketi. Karibu tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua hupita utosini. Kati ya Machi na Septemba huegemea kaskazini, kisha huhamia kusini hadi Machi tena, na hata Juni na Desemba, likiwa limefika mwisho wa safari zake, wakati wa adhuhuri haliachi utosi kwa zaidi ya nyuzi 24. Asubuhi liko mashariki, alasiri liko magharibi, mwaka mzima. Mjenzi wa Oslo au Berlin anahitaji majedwali kujua jua litakuwa wapi. Wa Nyeri anahitaji kujua tu kama watu wameshakula chakula cha mchana.

Hii ina maana kwamba madirisha ya kaskazini na kusini hayana taabu. Upenu wa sentimita 75, ukianzia juu tu ya dirisha na kuzidi upana wake pande zote mbili, hulifunika dirisha la kimo cha mita 1.2 hadi karibu saa tisa na nusu, hata katika ile miezi ambayo jua limeegemea upande huo kabisa. Fundi wa paa anaweza kuumaliza upenu huo kabla hajashuka ngazi. Taabu iko mashariki na magharibi. Kwa dirisha hilo hilo likitazama magharibi, saa tisa na nusu mngehitaji upenu wa mita 1.2, na ikifika saa kumi na moja jua likiwa limeshuka, mngehitaji wa karibu mita tatu. Huo si upenu tena, hapo tunajenga stendi ya matatu. Ndiyo maana upande wa magharibi na mashariki unahitaji kitu kinachosimama mbele ya dirisha lenyewe: luva, mkeka wa mianzi unaokunjwa, au shata ya mbao.

Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa. Nyumba ya msonge ilikuwa na paa la nyasi lililoteremka hadi karibu kuufunika ukuta, na chini ya upenu huo ndipo kuni zilipokaukia. Waliokuja baadaye nao walielewa. Nendeni Hoteli ya Outspan mkaitazame Paxtu, kile kijumba ambamo Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliishi kuanzia 1938 hadi alipofariki Januari 1941. Mtaiona veranda yake. Huko Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, shata za vibao zimekuwa zikipitisha upepo na kuzuia jua tangu zamani, bila nyaya wala swichi. Na majengo ya saruji ya miaka ya 1950 hayakuwa majinga pia. Ernst May, mbunifu Mjerumani aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1934 na kukaa hapa karibu miaka 20, na Amyas Connell wa New Zealand aliyechora Hospitali ya Aga Khan jijini Nairobi, walitumia vibao na masanduku ya zege kukinga madirisha. Tukaja sisi na vioo vya rangi ya buluu. Sina ugomvi na kioo. Nina ugomvi na kioo kilicho uchi kinachotazama magharibi.

Sasa nifike mahali ambapo miji ya mlimani inatofautiana na pwani, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea. Kivuli kisichosogea kinafaa Mombasa. Nyeri, ambako usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10, kivuli cha namna hiyo kitawaibia wagonjwa wodini jua la asubuhi wanalolihitaji sana. Mama aliyejifungua, mzee mwenye mafua, mtoto wa chekechea aliyevaa sweta mbili, wote hao jua la saa mbili asubuhi wakati wa gathano ni hita yao. Ukiwafungia luva hapo, watawasha hita ya umeme, na hita moja ya kawaida hula stima kuliko taa zote za ofisi niliyoihesabu. Ndiyo maana nimesema kivuli kiwe cha kufunguka. Mlima wetu unataka jua liingie miezi fulani na lizuiwe miezi mingine, na wakati mwingine mambo hayo mawili hutokea katika siku moja.

Na hapo linakuja swali la nani afungue. Watafiti wa Marekani walianza kulichunguza jambo hili tangu miaka ya 1970, na walichokiona kinafanana na tunachokiona hapa: mtu hulifunga pazia siku jua linapomchoma, kisha analisahau limefungwa kwa majuma. Kwa hiyo kununua kivuli bila kuamua nani atakisimamia ni kununua nusu ya kifaa.

Nchi tajiri huweka mota, vihisio vya jua na vya upepo, na programu inayoamua. Jengo kubwa la hospitali au chuo linaweza kufika huko siku moja, na likifika, naomba kila chumba kiachiwe swichi yake, maana hakuna kinachowaudhi watu kama dirisha linalojifunga lenyewe wakati mtu anautazama mlima. Lakini kwetu si lazima tuanzie huko. Stima ikipotea, mota hulala. Na jua letu lina ratiba ambayo haijawahi kuchelewa: kwa saa za Kenya huvuka katikati ya anga karibu saa sita na nusu, wakati ule ule kengele za shule zinapokaribia kuita watoto kula.

Basi tumieni kengele. Katika kila shule kuna mwanafunzi wa zamu anayeipiga. Mpeni na kazi ya luva. Siku za jua, asubuhi luva za mashariki zifungwe na za magharibi ziwe wazi. Kengele ya chakula ikilia, kinyume chake. Mawingu yakitanda, zote ziwe wazi. Juni hadi Agosti za mashariki zibaki wazi, isipokuwa mwalimu akiomba ubao ukingwe. Ofisini, kazi hiyo apewe yule anayefungua milango asubuhi, na iandikwe kwenye orodha ya kazi zake ili asionekane anajipendekeza. Hospitalini, muuguzi wa zamu ndiye aamue, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani anatetemeka na nani anatokwa jasho.

Vifaa tunavyo. Mbao za mti wa mukima ziko kila shamba kuanzia Tetu hadi Mathira, na mafundi wa jua kali wanaochomea grili wanaweza kuchomea fremu ya luva kwa bomba na vyuma vile vile. Vibao vipakwe rangi nyepesi upande wa nje ili virudishe jua, na fremu iache nafasi ya vidole vinne hivi kutoka ukutani, joto lipate pa kupandia. Nanyuki, ambako upepo hauna adabu, fremu ifungwe kwa boliti, misumari haitoshi. Shomoro watajaribu kujenga humo. Ni gharama ndogo. Asiye na pesa za mbao apande mpasheni kwenye waya mbele ya dirisha la magharibi, ale na matunda. Mmea haufunguki kama luva, lakini unaweza kupogolewa Mei, kabla ya baridi.

Kuna sharti moja ambalo nawaomba msilifanyie mzaha. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, wavulana 21 walikufa katika moto wa bweni la Shule ya Hillside Endarasha, hapa hapa Nyeri. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwe na grili na yafunguke kwa nje bila taabu. Kivuli chochote kitakachowekwa kwenye bweni kisiwe na kufuli, kisiwe cha kitu kinachoshika moto upesi, na kisizuie mtoto wa darasa la nne kulisukuma dirisha na kuruka. Kama fundi hawezi kuwahakikishia hilo, mabweni yaacheni na upenu tu, luva ziende madarasani. Kwa nyumba za kupanga zenye grili nje ya dirisha, vibao vinaweza kufungwa juu ya grili hiyo hiyo, lakini iwe ni grili inayofunguka na ufunguo wake uwe karibu.

Sasa niwataje wahusika, bila kumkosea mtu adabu.

Waheshimiwa wa kaunti, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imewapa ninyi kalamu ya kuidhinisha ujenzi, na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Mchoro wa jumba ukiletwa mezani, ulizeni swali moja la ziada: dirisha la magharibi litakingwa na nini? Swali hilo halihitaji bajeti. Majengo ya kaunti yenyewe yawe ya kwanza kulijibu.

Hospitali kubwa na vyuo vikuu, kanuni za nishati za mwaka 2012 ziliwataka watumiaji wa yuniti 180,000 na zaidi kwa mwaka wafanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Mkaguzi akija, msimwonyeshe mita na jenereta peke yake. Mpandisheni ghorofa ya juu upande wa magharibi saa kumi alasiri, mkamwache hapo nusu saa.

Walimu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi na wa Nyeri National Polytechnic, mna wanafunzi wa ujenzi, umeme na uchomeleaji wanaotafuta miradi ya kumalizia masomo. Wapeni vyumba viwili vinavyofanana, kimoja na luva na kingine bila, na kipimajoto kila upande. Matokeo yao yatakuwa na uzito kwetu kuliko ya chuo cha mbali, kwa sababu yatakuwa yamepimwa chini ya jua hili hili, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,700.

Wenye majumba na wakurugenzi wa Sacco zinazojenga makao mapya, mnajua wenyewe ni vyumba vipi vya kupangisha vinavyohamwa mapema. Ni vile vya upande wa jua. Mtu aliyewahi kujenga anajua pia kwamba luva zikichorwa mapema ni gharama ndogo, zikiongezwa baada ya vioo ni jukwaa jipya na mafundi wapya. Kuna mfano wa karibu: ofisi za Umoja wa Mataifa kule Gigiri, zilizofunguliwa mwaka 2011 na Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, pamoja na Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wa umoja huo wakati ule, zilijengwa ili watu wafanye kazi humo bila viyoyozi. Kama ofisi za mashirika ya dunia nzima zinaweza, Sacco ya wakulima wa kahawa inaweza.

Na wewe mpangaji usiye na usemi juu ya mchoro wala ukuta, una jambo la kufanya. Zungumzeni wapangaji wa upande mmoja, mwende kwa mwenye nyumba pamoja, mmwombe ruhusa ya mkeka wa mianzi wa kukunja nje ya dirisha. Mwenye nyumba mwenye busara hatakataa kitu kinacholinda rangi ya sakafu yake. Mkikubaliwa, gawaneni gharama.

Maji ya mlima wetu na ya Nyandarua ndiyo yanayozungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kule chini Tana. Ukame ukija tunaambiwa tubane matumizi. Yuniti ya taa iliyozimwa mchana ni mahali pepesi pa kuanzia.

Ombi langu la mwisho lina tarehe. Kuanzia sasa hadi mwisho wa Desemba, kila shule, kila ofisi na kila jumba la biashara lichague dirisha moja la magharibi, lile linalolalamikiwa zaidi, likingwe kwa nje. Januari anga ikifunguka, wekeni kipimajoto katika chumba hicho na katika kile cha jirani, mwandike namba za majuma mawili, mkazibandike mlangoni watu wazione. Fundi wa kuifanya kazi hiyo hayuko mbali; mpigieni simu wiki hii, kabla shughuli za Krismasi hazijamchukua.